Kichwa cha Mbaruku

Kinyozi hajinyoi. Mnauliza ni nani aliyeanza kusema hivyo? Basi tulieni, wajukuu zangu, methali hii ilianza hivi.

Hapo kale sokoni Tabora alikuwapo kijana Mbaruku, aliyefundishwa unyozi na mjomba wake, Feruzi. Alipoona mkono umekuwa mwepesi, alisema, "Mjomba, sasa najitegemea. Kazi hii haihitaji mtu wa pili." Akachukua wembe, kioo na kigoda, akaenda kuketi upande wa pili wa soko.

Mwanzoni wateja walikuja. Kisha wakapungua, na Mbaruku hakuelewa kwa nini. Watu walisogea, wakamtazama, wakamwamkia kwa heshima, wakapita. Akanoa wembe upya. Akahamisha kigoda kivulini, akakirudisha juani. Akafukiza ubani, akidhani amefanyiwa husuda. Wapi! Akiba ya unga ilikwisha, naye hajui alipokosea.

Siku moja akaja bwana harusi, Sudi. Alipofika karibu, akageuka.

Mbaruku akamshika mkono. "Ndugu yangu, nimewakosea nini?"

"Hujatukosea," Sudi akajibu kwa haya. "Ila mimi leo naoa. Nikikiona kichwa chako kilivyo kichaka, nakihofia changu."

Mbaruku akajipapasa. Kumbe tangu amwache mjomba hakuna aliyemnyoa! Akashika kioo na wembe, akaanza mwenyewe. Akitaka kwenda upande wa kulia, mkono wa kiooni ukamvuruga, wembe ukaenda kushoto. Kisogo hakukiona kabisa. Mara damu ikamchuruzika shingoni. Upande mmoja kipara, upande mmoja msitu. Akajifunika kitambaa, akavuka soko, macho chini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa."

Feruzi akamnyoa taratibu, asimlaumu. Mbaruku alingoja maneno makali, hayakuja, akazidi kuchanganyikiwa.

"Mjomba, mbona hunicheki?"

Mzee akavua kofia. Mvi zilikuwa zimesongamana, na kovu bichi juu ya sikio.

"Nikucheke kwa kichwa kipi?" akasema, akampa wembe. "Haya, zamu yako."

Mbaruku akaupokea, akamnyoa.

Hawakurudi kufanya kazi pamoja. Kila mmoja alibaki na kigoda chake. Lakini kila Alhamisi mmoja alivuka soko kumfuata mwenzake, na wateja wakarudi pande zote mbili. Waliowaona ndio walioanza kusema: kinyozi hajinyoi.