Upatu Uliolia Mara Moja

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, mbali ng'ambo ya bahari, Wadayaki wa kijiji kimoja waliishi wote chini ya paa moja refu, familia ishirini na nne. Ukikohoa mlango wa kwanza, wa mlango wa mwisho wanakupa pole.

Humo alikaa Renai, binti mwenye ulimi mwepesi. Hakuna aliyemaliza sentensi mbele yake. Yeye na jirani yake Dimah hawakuwa wakisemeshana, tangu kuku wa Dimah walipofukua mbegu za mpunga za kina Renai.

Basi dada yake Renai akaposwa. Wageni wangekuja kwa mtumbwi baada ya siku saba. Na mgeni hupokewa kwa mlio wa patu za shaba. Mdundo ukivurugika, hujua nyumba ina ugomvi, akageuza mtumbwi, na posa imekufa.

Wazee wakasema, "Hao wawili wafungiwe ndani."

Bibi Sudau, mpigaji mkongwe, akasema, "Hao wawili ndio watakaopiga."

Dimah akapewa vipatu vidogo, kiling-kiling-kiling. Renai akapewa upatu mkubwa, unaolia mara moja tu, mwisho wa kila mzunguko wa wimbo. Gummm.

"Mara moja, Bibi? Kwani mkono wangu unaumwa?"

"Mkono mzima, mjukuu wangu. Masikio ndiyo hayajafanya kazi tangu uzaliwe."

Akapiga mapema. "Tena." Akapiga mapema. "Tena." Siku ya tatu akang'amua: ili ajue zamu yake, lazima amsikilize Dimah, kiling kwa kiling. Siku ya tano akasikia mkono wa Dimah umechoka.

"Pumzika kidogo," akamwambia.

Dimah akasema, "Kuku nimewafunga."

Siku ya saba mtumbwi ukatokea. Kiling-kiling-kili... kijiti kikamponyoka Dimah. Kimya. Makafi yakasimama hewani. Renai angepiga, kila mtu angejua nani kakosea. Mkono juu, akangoja. Akangoja. Dimah akaokota, kiling-kiling-kiling, ndipo: gummm. Wageni wakadhani kimya kile ni sehemu ya wimbo. Chubwi, chubwi, wakaja.

Harusini wazee wakatamba, "Tumemfundisha kunyamaza."

Renai akawasikiliza hadi neno la mwisho.

"Mmemaliza, babu zangu? Ninyi mlitaka kunifungia. Aliyenipa upatu ni Bibi."

Dimah akacheka wa kwanza.

Basi, wanaogombana msiwafungie. Wapeni kazi ambayo mmoja haiwezi bila mwenzake.

Hadithi yangu imekomea hapo. Uliyeisikia nusu, nusu nyingine kamwombe jirani yako.