Gauni la Pazia la Bi Maimuna

Sogeeni karibu, wenzangu, nianze. Msichana mmoja, Mwanapili, alikata pazia la jirani yao marehemu, Bi Maimuna, ajishonee gauni la kizamani la kuvaa harusini kwa dada yake. Akashona mikono, asubuhi akaikuta imefumuka. Akashona kiuno, kikafumuka. Akashona marinda, nayo yakafumuka, na kitambaa kikanong'ona: "Fundi gani wewe, unanishona hujanipima?"

Mwanapili akachukua futi yake ya kupimia. "Shikamoo, Bi Maimuna. Njoo basi nikupime." Akazungusha futi hewani, ikakamata mabega ya baridi. Akashona kwa vipimo vile, gauni likakamilika, likasimama lenyewe.

"Ahsante, mjukuu wangu," likasema. "Sasa zamu yangu. Lala mkekani nikupime, nikushonee lako jeupe."

Mwanapili akapiga magoti mkekani alale. Hapo akakumbuka Bi Maimuna alivyopimwa, amelala, kabla kaburi halijachimbwa. Akainuka. "Bibi, walio hai hupimwa wamesimama!"

Futi ikaanguka. Gauni likatoka mlangoni, likashika njia ya makaburini. Mwanapili akaenda harusini na kanga zake, akacheza mpaka akalowa jasho.

Hapo ndipo ninapokata uzi wa ngano yangu.