Aliyeacha Masikio Vitani

Aliyeacha masikio vitani haitwi kwa baragumu. Mmeisikia leo mkutanoni, mtendaji wa kijiji alipotaka askari wa zamani waje kujipanga foleni juani ili wapongezwe, na mzee mmoja akamkatiza kwa maneno hayo. Mlicheka, sasa mnaniuliza yalikotoka. Haya, kaeni, ila mikono iendelee kupukuchua mahindi. Methali hii ilianza hivi, tena mbele ya macho yangu, na bibi yenu alikuwa upande wa wakosaji.

Enzi hizo maji yetu yaliteremka kutoka kwenye ndiva, bwawa walilochimba babu zetu huko juu mlimani. Kila kaya ilikuwa na siku yake ya juma ya kufungulia mfereji. Bwawa likijaa tope, Mzee Senkondo, msimamizi wa maji, alipanda kilimani alfajiri akapuliza baragumu, na wote tukatoka na majembe. Huo ndio msaragambo. Hapakuwa na kugongeana milango. Kumfuata mtu mzima nyumbani kwake na kumwambia "njoo kazini" kulikuwa kumfanya mtoto, na watu waliwahi kununiana miaka kwa kosa hilo. Baragumu likilia ukakaa, umekataa. Ukikataa mara tatu, unanyang'anywa zamu ya maji. Na shamba lisilo na maji kwenye mteremko ule halikupi hata kikombe cha maharage.

Zihirwani Kirimia alirudi kutoka vita vya Kagera akiwa na miaka kama thelathini. Alikuwa askari wa mizinga. Mama yake, ndugu pekee aliyekuwa naye, alifariki yeye akiwa huko, kwa hiyo aliishi peke yake nyuma ya kilima, akalima maharage. Haukupita muda tukaanza kumsema. Ukimsalimia kwa nyuma, haitiki. Ukimweleza jambo, anatabasamu tu. Mimi mwenyewe nilisema kisimani, "Vita vimempa kiburi yule. Anatuona sisi si watu." Ndiyo, mdomo huu huu.

Msimu ule baragumu likalia mara tatu, na mara zote tatu hakuonekana. Mzee Senkondo akaitisha mkutano, nao kwa baragumu lile lile, akatangaza kwamba zamu ya Zihirwani ya Alhamisi apewe mtu mwingine. Maharage yake ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa maua.

Alhamisi ilipofika, Zihirwani akafungulia maji kama kawaida yake. Tulipopata habari tulipanda watu kama ishirini, tumefura. Tulimkuta ameinama anaelekeza maji kwenye matuta, ametupa mgongo.

"Zihirwani! Funga maji!" Mzee Senkondo aliita.

Jembe likaendelea.

"Wewe mwanajeshi, huna adabu?"

Jembe likaendelea. Mzee akasogea hadi nyuma ya kisogo cha kijana, akajaza kifua pumzi, akalipuliza baragumu kwa nguvu zake zote. Mbuzi aliyefungwa kando alikata kamba. Mimi niliziba masikio. Zihirwani hakushtuka hata bega. Alichota tope, akaziba tundu la panya kwenye tuta, akalipapasa mpaka likashikana.

Alipogeuka kuchota tope jingine ndipo alipotuona, na uso wote ukamchangamka.

"Shikamooni, wazee wangu! Kumbe mmekuja kunisaidia?"

Mzee Senkondo akashusha baragumu. Akagusa sikio lake mwenyewe, akamtazama kwa kuuliza. Zihirwani akainamisha macho.

"Ni mizinga, baba. Lilianza la kushoto, kisha yote mawili."

"Mbona hukutuambia, mwanangu?"

Aliiangalia midomo ya mzee, akaelewa. "Wenzangu watatu tuliokuwa kwenye mzinga mmoja walibaki kule. Nije mbele ya mama zao nililie masikio?"

Mzee alilia waziwazi, mtu mzima na mvi zake. "Umekwenda ili sisi tulale salama," alisema, "na sisi tumekuja kukunyima maji." Kisha akachukua jembe, na wote tukamfuata. Tulimsaidia kumwagilia mpaka tuta la mwisho.

Msaragambo uliofuata, Mzee Senkondo hakuanzia kilimani. Alikwenda kwanza nyuma ya kilima, akamgusa Zihirwani bega, wakapanda pamoja. Baadaye tukawa tunapokezana kumfuata. Kilichokuwa tusi kwa mtu mzima yeyote kikawa heshima kwake yeye, na tukaigombania kazi hiyo.

Zamu yangu ilipofika nilisimama mbele yake anione midomo. "Kaka Zihirwani, nilikusema vibaya kisimani. Nisamehe. Na asante kwa kwenda vitani kwa ajili yetu."

Machozi yalimlengalenga. "Siku niliporudi," alisema, "mwenyekiti alihutubia sana na watu wakapiga makofi. Sikuambulia hata neno moja. Hii yako, dada, ndiyo asante ya kwanza kunifikia."

Basi, wajukuu zangu, mtu wa namna hiyo hangojwi aje kuifuata shukrani yake. Apelekewe pale alipo. Aliyeacha masikio vitani haitwi kwa baragumu.