Sauti ya Marehemu Koridoni

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza, na wengi wetu hudhani usiku huo husubiri jua lizame. Wapi. Ipo nyumba ambayo usiku huo uliingia saa sita mchana, madirisha wazi na jua limetanda sakafuni, ukamkuta bi harusi kainamia cherehani yake.

Bi harusi huyo alikuwa fundi wa nguo. Aliolewa na dereva wa lori, mtu wa safari, akahamia katika nyumba ambayo mumewe aliachiwa na mama yake aliyekuwa amefariki muda si mrefu. Pamoja na nyumba, mume alikuwa ameachiwa dada, msichana mkubwa.

"Dada yangu haongei na mtu," alimwambia mkewe siku ya kwanza. "Wewe mpe chakula chake tu. Hana neno."

Maelezo yakaishia hapo. Dereva akawasha lori akaenda zake, akamwacha mkewe na wifi asiyemjua.

Wifi alikuwa mtu wa koridoni. Alisimama huko kutwa, uso kaugeuzia ukuta, akichezesha vidole mbele ya macho yake. Viatu vikiachwa ovyo alivipanga jozi kwa jozi, ncha zote zikitazama mlangoni, utadhani kuna watu wasioonekana waliokuwa wakijiandaa kutoka. Fundi alijikaza kisabuni. Ndugu wa mume hachaguliwi, alijiambia, akaendelea na kazi.

Mchana mmoja alikuwa akishona kitambaa kigumu, cherehani ikinguruma, mara akasikia sauti ya kikongwe nyuma yake.

"Basi, basi, mwanangu. Yatapita."

Mguu ulimganda kwenye pedali. Sauti ilikwaruza, tena ilivuta pumzi katikati ya maneno kama ya mtu mwenye pumu. Alipochungulia koridoni hakuona kikongwe yeyote. Alikuwapo wifi tu, paji la uso kaligandamiza ukutani na masikio kayaziba kwa viganja.

Sauti ilirudi kesho yake, na kila siku cherehani ilipokolea. Mume aliporudi, fundi hakumwambia kitu, maana ni nani atakayekwenda kwa mumewe na habari kama hiyo? Lakini jioni hiyo mume alimwonyesha kwenye simu video ya marehemu mama yake akibembeleza mtoto wa jirani. Fundi aliidondosha simu. Ilikuwa sauti ile ile, na pumu ile ile.

Mume aliposafiri tena, fundi alimwita shangazi wa mume, mama mmoja mkavu asiyetishika ovyo. Shangazi aliketi sebuleni na kikombe cha chai, fundi akakanyaga pedali. Sauti ilipokuja kutoka koridoni, chai ilimwagika yote kwenye kanga.

"Nilimwosha mimi, kwa mikono hii," shangazi alisema polepole. "Huyo ni marehemu wifi yangu. Karudi, na kajificha ndani ya binti yake."

"Tufanyeje, shangazi?"

"Tumfukize mpaka atoke. Tukimwacha, atamchukua binti, na wewe mwenye mimba hapo utafuata. Mimi simo."

Fundi alijishika tumbo. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na hofu ikamla akili yote.

Walileta jiko la mkaa, wakamwaga majani juu ya makaa. Wifi aliketi kwenye mkeka bila ubishi. Wakamfunika blanketi zito gubigubi, yeye na jiko, kila mmoja akakalia upande wake. Moshi ulianza kupenya kwenye nyuzi. Makaa yalipasuka, kisha kikongwe akasema humo ndani:

"Basi, basi, mwanangu. Yatapita. Njoo nikushike."

"Umemsikia?" shangazi alinong'ona. "Anamwita mwanawe waende wote. Kaza."

Ndipo mkono ukatoka chini ya blanketi. Ulipapasa sakafu, ukaupata mkono wa fundi, ukaukamata. Mkono ule ulimvuta ndani ya moshi, ukaukandamiza mkono wake kwa nguvu juu ya bega lililolowa jasho na kutetemeka.

"Njoo nikushike," marehemu alisema, karibu kabisa na vidole vyake. Kisha akakohoa, na kikohozi kilikuwa cha msichana.

Hapo fundi alielewa jambo lililomtisha kuliko mzimu wowote. Mle ndani hapakuwa na marehemu. Palikuwa na mtu aliye hai aliyeomba kushikwa, na hakuwa na maneno mengine ya kuombea ila yale aliyoambiwa na mama yake kila aliposhikwa.

"Funua, shangazi."

"Ukimkatiza sasa atakugeukia wewe."

"Atatufia huyu. Funua."

Alilivuta blanketi mwenyewe. Midomo ya wifi ilikuwa imebadilika rangi. Fundi alimkumbatia kwa nguvu zake zote, hadi pumzi ikamrudia na mtetemeko ukaisha.

Daktari aliyempima aliwaambia hali hiyo inaitwa usonji, si pepo wala kichaa. "Amezaliwa hivyo," alisema. "Ngurumo ya cherehani kwako ni kazi, kwake ni msumari sikioni. Na maneno huyachukua mazimamazima, pamoja na sauti ya aliyeyasema. Mama yake bila shaka alimwelewa."

Mama alimwelewa, naam, lakini alikufa na kamusi yake. Mume alilia aliposimuliwa. "Mimi nilikuwa napishana naye tu," alisema. Tangu hapo hakupishana naye tena. Fundi alihamishia cherehani chumba cha uani, akaiwekea zulia chini, na hakuiwasha kabla ya kumwonyesha wifi kwa ishara. Kila wifi alipohangaika koridoni, fundi alimwitikia pini zikiwa bado menoni, kisha akaenda kumkumbatia. Akamshonea pia kizibao cha jinzi cha kumbana mabega kama aliyekumbatiwa. Shangazi naye alizoea kuja kukaa koridoni. Alisema anakuja kuomba radhi, ila kila mtu alijua anakuja kumsikiliza wifi yake aliyekufa.

Alasiri moja fundi alikuwa peke yake chumbani, pini kazibana kwenye meno, kimya. Koridoni akasikia sauti yake mwenyewe, nayo ikisema kama ya mtu aliyebana pini kwenye meno:

"Nipo, wifi yangu. Nakuja."

Nywele zilimsimama, maana si jambo dogo kujisikia unaongea na wewe umefunga mdomo. Kisha akatema pini, akafuta machozi, akaenda koridoni kumkumbatia aliyemwita. Sauti ile ile ingemtoa mbio mchana kweupe zamani, alipokuwa hajui. Kweli usilolijua ni usiku wa giza.