Ufunguo wa Pili wa Mwasiti

Sogeeni karibu, na aliyekuja na usingizi wake auache nje. Hadithi hii haina jini wala mfalme, na mwisho wake mimi sinao. Mnao ninyi, kwa hiyo sikilizeni kama watu watakaoulizwa.

Kulikuwa na watu watatu katika mji wa Kondoa, kila mmoja na kipaji chake. Mama Kulwa, mama lishe wa pale stendi, alikuwa na mdomo usiojua kuhurumia. Athumani, fundi cherehani, alikuwa na subira ya mtu anayeweza kufumua mshono kutwa nzima bila kusonya. Na Bi Zuhura, dada yake Athumani, alikuwa na jicho lisilolala. Jicho hilo lilimlinda mtu mmoja tu, binti yake Mwasiti.

Mwasiti alikuwa mtu mzima. Wenzake wa rika lake walikuwa na watoto wanaovaa sare za shule. Lakini akili yake ilikwenda kwa mwendo wake tangu kuzaliwa. Hesabu zilimshinda, maneno yalimtoka polepole, na jambo jipya lilimwingia baada ya kurudiwa mara nyingi. Likishaingia, halikutoka tena. Hilo la mwisho mama yake hakulijua, kwa sababu hakuwahi kumrudia kazi ya mikono. Alimfanyia. Alimvalisha, akamfunga vifungo, akamkatia nyama vipande vidogo. "Usishike, utaungua," alimwambia. "Usitoke, utapotea. Usiseme, watakucheka." Majirani walimsifu kwa mapenzi hayo, naye alizipokea sifa.

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Kulwa. Msichana wake wa kazi alikuwa ameolewa ghafla, na kibanda chake kilijaa wateja.

"Bi Zuhura," alisema, "huyu mwanao ana mikono?"

"Anayo, lakini..."

"Basi niazime. Hiyo lakini baki nayo mwenyewe."

Mwasiti akaenda stendi. Alivunja sahani. Aliyatia maharage chumvi mara mbili, mteja mmoja akasukuma sahani na kuuliza nani kamweka zuzu jikoni. Mama Kulwa akamjibu kwamba anayetaka maharage ya mke wake arudi kwa mke wake. Kisha akamgeukia Mwasiti, akamwonyesha chumvi upya, na kesho yake tena, na kesho kutwa tena. Siku moja Mwasiti akashika sufuria kwa mkono mtupu, akaungua. Mama Kulwa alimwagia maji baridi kwa muda mrefu, akampaka dawa, akamfunga. Halafu akampa kitambaa na kumrudisha mbele ya jiko lile lile.

Bi Zuhura alipouona ule mkono alikwenda stendi mbio, kanga imemdondoka begani.

"Umemchoma mwanangu!"

"Kaungua, sikumchoma," alisema Mama Kulwa. "Mimi mwenyewe nimeungua mara ngapi, na mama yangu hakuja kulia hapa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, shoga yangu."

Bi Zuhura akamshika binti yake mkono ule mzima, amvute nyumbani. Mwasiti akaurudisha mkono wake taratibu. "Maharage hayajaiva, Mama," alisema. Mwaka ulipokwisha, alikuwa akijivalia mwenyewe, akiwasha jiko, akipika na kupakua bila kuambiwa, na wateja walimwita kwa jina lake.

Wa pili alikuwa Athumani. Yeye alishika suala la njia, maana kila siku Bi Zuhura alimsindikiza binti yake mpaka stendi na kumfuata jioni, akimshika kiganja kama mtoto wa chekechea. Athumani akaomba nafasi hiyo. Mwanzo alitembea na Mwasiti bega kwa bega, akimwonyesha alama: mashine ya kusaga, halafu msikiti, halafu geti jekundu, hapo unakata kushoto. Baadaye akatembea nyuma yake. Baadaye akawa nyuma sana, cherehani imelala barazani na nguo za watu zinangoja.

Basi mwenye geti jekundu akalipaka rangi ya buluu.

Mwasiti alifika pale akitafuta wekundu, asiuone, akapita. Akaenda moja kwa moja, akavuka nyumba za mwisho, akafika kwenye mashamba ya alizeti. Hapo akasimama na kuanza kulia. Athumani alikuwa nyuma ya kibanda cha vocha, anamwona. Hakutoka. Mwasiti alilia, akajifuta kwa kanga, akamwendea mwanamke aliyekuwa akipalilia, mtu asiyemjua kabisa. "Shikamoo," alisema. "Mjomba wangu Athumani, fundi cherehani. Kwake wapi?" Akaonyeshwa, akarudi, na geti la buluu halikumpoteza tena.

Bi Zuhura alipopata habari hizo alimwambia ndugu yake maneno ambayo dada hamwambii ndugu.

"Ulimwona analia ukajificha? Damu yako mwenyewe, Athumani?"

"Nilimwona, dada. Na mimi nililia pale nyuma ya kibanda. Lakini ningetoka, angelia kila geti likipakwa rangi."

Wa tatu ni Bi Zuhura mwenyewe, na hapa nataka mnisikilize vizuri, maana najua wengine mmeshaanza kumnunia. Mwasiti alizaliwa mlegevu, hawezi hata kunyonya. Wako waliosema huyo hafiki mwaka, usijichoshe. Mama yake alimkamulia maziwa, akamnywesha kwa kijiko, tone kwa tone. Alimbeba mgongoni hospitali hata miguu ya mtoto ilipokuwa inagusa magoti yake. Walipomwambia aje harusini bila "yule wako", alibaki nyumbani naye, na harusi zikawa zinampita. Ile shikamoo iliyomfungulia Mwasiti mdomo kule shambani, ni mama yake aliyemfundisha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Bila huyu mama, Mama Kulwa angemfundisha nani kupika?

Haya. Sasa jioni moja Mwasiti alirudi kazini, akala, akanawa, akasema, "Mama, nataka chumba."

"Chumba gani?"

"Changu. Kwa mjomba kipo kimoja hakina mtu. Nitalala, nitapika, nitakuja kwako Ijumaa."

Athumani alikuwa na vyumba vya kupangisha uani kwake, na kweli kimoja kilikuwa wazi, naye alikwisha kumkubalia. Bi Zuhura aliitikia kwa mdomo. Moyoni alijiuliza. Nani atamfunika usiku? Na yeye mwenyewe atampikia nani? Hilo la pili hakulisema hata peke yake. Mwasiti akaanza kupanga vitu vyake kwenye tenga, sahani, sufuria, kanga zake mbili nzuri.

Siku mbili tatu zikapita. Bi Zuhura akamwambia, "Mwanangu, chumba kimeshapata mtu. Mjomba ameniambia."

Uongo mtupu. Athumani hakusema neno kama hilo.

Mwasiti hakubisha. Hajui kwamba mama anaweza kusema uongo. Alikaa chini, akatoa vitu kwenye tenga kimoja kimoja, akavirudisha mahali pake. Kesho yake asubuhi hakuvaa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akanyoosha mikono mbele, akangoja avalishwe. Na siku iliyofuata vilevile. Bi Zuhura akawa amerudishiwa mtoto wake, kama alivyotaka, akamfunga kila kifungo. Aliona haya mbele ya mtu asiyejua hata kumlaumu.

Njia ya mwongo ni fupi. Athumani alikutana naye sokoni.

"Dada, mbona Mwasiti haji? Chumba nimeshakifagia, nimepaka na chokaa."

Bi Zuhura akamwambia yote, pale pale kwenye nyanya, machozi yanamtoka.

"Mimi sitamwambia," alisema Athumani. "Mwambie wewe."

Alikwenda nyumbani na nia ya kumwambia. Alimkuta Mwasiti amekaa tu. "Chumba kipo, mwanangu," alisema, na kabla hajaongeza neno, Mwasiti aliruka.

"Umekwenda kuniombea! Mama, umekwenda kwa mjomba ukaniombea!"

Bi Zuhura hakumkatalia, akamletea tenga lake. Na tangu siku hiyo pale stendi kila mteja aliyeletewa maharage aliletewa na habari: "Mama ndiye amenipatia chumba." Watu wakampongeza Bi Zuhura barabarani. Safari hii sifa hazikumpita kooni, na usingizi nao ukamkimbia.

Siku ya kuhama ikafika. Mama Kulwa alibeba jiko na sufuria, Athumani alibeba kitanda, na Bi Zuhura alijitwisha godoro, akakataa kupokewa. Walipomaliza, Mwasiti aliwatoa nje wote watatu, apange vitu vyake mwenyewe, akaurudisha mlango. Bi Zuhura akakumbuka kuwa amesahau ndoo ndani. Akausukuma mlango, akaingia.

"Mama," alisema Mwasiti, "hujapiga hodi."

Mama Kulwa alicheka huko nje mpaka akashika ukuta. Bi Zuhura hakucheka. Tangu amzae, hajawahi kumpigia hodi huyu mtu. Akatoka, akasimama kizingitini, akabisha. "Hodi."

"Karibu, Mama. Karibuni wote."

Wakaingia. Mwasiti alikuwa ameshika kufuli jipya lenye funguo mbili. Mmoja ameshaufunga kwenye pindo la kanga. Wa pili aliuweka kiganjani.

"Nikikaa nazo zote nitazipoteza zote," alisema. "Huu akae nao mtu wangu. Ninayemwamini."

"Mimi niko hapa hapa uani," alisema Athumani. "Ukipoteza wako, hatua chache tu umeingia."

"Asipokuja kazini, wa kwanza kujua ni mimi," alisema Mama Kulwa. "Tena mimi simhurumii. Ukimpa ufunguo mtu wa huruma, utamkuta humu kila asubuhi anakufunga vifungo."

Bi Zuhura aliutaka ufunguo ule kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani, na alijijua kwamba akiupata atautumia.

Mwasiti aliwatazama wote kwa zamu, akakunja uso, kichwa kikamchoka. Kisha akamgeukia mama yake na kumnyooshea kiganja kilicho wazi.

"Mama, wewe ndiye umenipatia chumba. Sema wewe. Nimpe nani?"

Mimi naishia hapa, wao wamesimama vile vile. Nawasikia mnavyogombana. Kuna anayesema apewe mama, uhai wa Mwasiti ni kazi ya mikono yake. Kuna anayesema apewe yule aliyempa moto, na mwingine yule aliyempa njia. Na wewe huko nyuma unayesema Mwasiti aamue mwenyewe, umesema vyema, lakini ameshaamua: ameamua kumwuliza mama yake, kwa sababu ya jambo ambalo mama yake hakulifanya.

Bi Zuhura akijitaja, atakuwa amekula faida ya uongo wake. Akimtaja mwingine, uongo unabaki na yeye anabaki nje ya mlango. Akisema ukweli leo, siku ya furaha hii, huenda kile kiganja kikafumbwa mbele yake kisifunguliwe tena.

Je, wewe ungekuwa Bi Zuhura, na mwanao anakungoja hivyo, ungemjibu nini?