Viti Kumi na Kimoja

Kwa miaka miwili Nambua alitambaa hadi ofisi ya wakala wa serikali wa watu wenye ulemavu kuomba kiti cha magurudumu, kumbe viti vimefungiwa stoo. Siku ya wakaguzi wa wizara, Mkurugenzi Kisanga aliwakalisha makarani kumi kwenye viti hivyo wajifanye walemavu, na Nambua akaazimwa cha kumi na moja.

"Jioni unarudisha. Na ole wako uropoke!"

"Niropoke nini, bosi? Nitawaimbia wageni tu."

"Hapo sasa umenena!"

Wageni walipoketi, Nambua alipaza wimbo wa taifa. Makarani wote kumi wakasimama wima, mikono ubavuni.

"Samahani, mheshimiwa mkaguzi," alisema Nambua, "mimi peke yangu nimeshindwa kusimama. Hiki kiti bado nirudishe jioni?"