Sheikh Wahbi na Kisima cha Kusahaulisha

Katika yaliyotufikia kutoka kwa waja wema waliotutangulia, inasimuliwa kwamba katika mji wa Zahruni, mji mdogo uliozungukwa na vilima vya mawe, aliishi mwanachuoni aliyeitwa Sheikh Wahbi bin Sinani, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa ibada na elimu, lakini lililomtangaza zaidi ni ukali wake katika kupokea habari. Hakukubali riwaya yoyote mpaka ajue imepitia kwa nani, na huyo naye aliipata kwa nani, na wote hao walikuwa watu wa namna gani. Safari moja alitembea siku kumi na saba kwenda kwa mzee mmoja aliyesifiwa kuwa na riwaya ya nadra. Alipofika akamkuta mzee yuko juu ya paa la nyumba yake, anamwambia jirani aliyesimama chini kwamba yeye hana ngazi. Sheikh Wahbi akamtolea salamu, akageuza njia, akatembea siku kumi na saba nyingine kurudi kwake, na daftari lake tupu.

Swali lake lilikuwa moja, na mji mzima ulilijua: "Umelipata kwa nani?" Hata mkewe, Bi Lubaba, alipomwambia kuwa chumvi imeadimika sokoni, aliulizwa swali hilo. Bi Lubaba akazoea kuleta habari pamoja na majina ya mashahidi wawili.

Basi katika mji huo kulikuwa na kisima karibu na Lango la Mashariki, kisima kirefu, kilichojengewa vizuri kwa mawe, wala hakikuwahi kukauka. Lakini hakuna mtu wa Zahruni aliyekunywa maji yake. Ilijulikana kwa wakubwa na wadogo kwamba mwenye kuyanywa husahau yote aliyohifadhi, Qurani yake, dua zake, hata majina ya wakwe zake. Wasafiri walikuwa wakinywa pale na kuendelea na safari zao, na kwa kuwa hawakurudi, ikasemwa kwamba wamesahau njia. Watu wa mji waliteka maji katika chemchemi ya magharibi, wakaridhika, wakamshukuru Mola wao.

Ukaja mwaka mvua isinyeshe. Chemchemi ya magharibi ikapungua, ikawa tope, kisha ikawa vumbi. Watu wakaanza kwenda mtoni, mwendo wa kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, na kurudi na viriba mabegani. Mzee mmoja alianguka njiani akaletwa nyumbani amebebwa. Wanawake wajawazito walikuwa wakigawiwa maji kwa kikombe. Msikitini watu walitayamamu kwa mchanga badala ya kutawadha kwa maji, na nje ya ukuta wa msikiti huo huo kisima kilikuwa kimejaa maji baridi, hakuna anayekitazama.

Siku moja akaja kwenye baraza ya Sheikh Wahbi mwanamke mmoja mjane aitwaye Bi Rumaisa, msokota sufi, aliyehamia mjini hapo mwaka uliotangulia. Akasalimia, akakaa mbali kidogo kwa adabu.

"Ya Sheikh," akasema, "nimekuja kuuliza jambo la dini. Mtu akiwa na maji karibu yake, tayamamu yake inasihi?"

"Haisihi," akajibu Sheikh, "ila ikiwa maji hayo yana madhara kwake."

"Na maji ya Lango la Mashariki yana madhara?"

"Yanasahaulisha, mama. Hilo linajulikana."

Bi Rumaisa akasema kwa upole, "Nimeambiwa kwamba Sheikh hapokei neno bila kujua limetoka kwa nani. Je, hili umelipata kwa nani?"

Kalamu ikasimama mkononi mwa Sheikh. Akafungua kinywa ataje jina, na jina halikuja. Akafikiri tena. Aliona haya mbele ya yule mwanamke, haya aliyokuwa hajaionja tangu alipokuwa mwanafunzi. Kwa miaka thelathini alikuwa amechuja habari za watu kama mtu anayechuja unga kwa chekeche, na habari hii moja ilikuwa imempita pembeni, ikaingia, ikakaa, na yeye akaitetea.

"Nipe siku tatu," akasema.

Alianza kwa muadhini, Mzee Dhamra, rafiki yake wa tangu ujana, aliyekuwa akikiogopa kisima kile kuliko watu wote, hata alipopita karibu nacho aliziba pua.

"Dhamra, nani alikuambia kwamba maji yale yanasahaulisha?"

"Inajulikana, Sheikh."

"Inajulikana si jina la mtu."

"Watu wamesema."

"Watu bin nani?"

Dhamra akakuna ndevu. "Lakini lina ushahidi. Babu yangu aliyanywa, na baada ya hapo akawa anamwita kila mtu kwa jina la mbuzi wake."

"Alikuwa na umri gani?"

"Tisini na mbili."

Sheikh akamtazama. Dhamra akateremsha macho, akafikiri sana, na mwishowe akakumbuka kwamba kusema kweli aliisikia habari hiyo kwanza kutoka kwa Hubaishi, mtia rangi nguo, zamani walipokuwa vijana.

Wakaenda wote wawili kwa Hubaishi. Walimkuta kando ya mapipa yake, mikono yake ya buluu mpaka viwikoni. Alifurahi kumwona Sheikh, akataka kumbusu mkono, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, akaghairi.

"Hubaishi," akasema Sheikh, "ile habari ya kisima, umelipata kwa nani neno hilo? Na usiniambie inajulikana."

"Siwezi kukuambia hivyo, Sheikh. Nimelipata kwa mtu mkweli, mwenye hifdhi na kumbukumbu madhubuti, ambaye hajawahi kutuhumiwa uongo hata na maadui zake."

Moyo wa Sheikh ukatulia. Hatimaye ameipata sanadi iliyosimama, mnyororo wa wasimulizi wa kuaminika. Akatoa daftari. "Mtaje jina."

"Wewe," akasema Hubaishi.

Sheikh akadhani ni mzaha, lakini Hubaishi hakuwa akicheka.

"Ulikuwa mwaka wako wa kwanza wa kusomesha," akaendelea Hubaishi. "Mimi nilikuwa darasani kwako. Uliniuliza mafungu ya mirathi, nikashindwa. Jana yake nilikuwa nimeyasoma yote. Ukasema, 'Vipi wewe Hubaishi, umekunywa maji ya Lango la Mashariki yakakusahaulisha?' Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka, Sheikh, kwa sababu asubuhi ile kweli nilikuwa nimeyanywa. Nikajiambia, tazama elimu ya mtu huyu, amejua hata nilipokunywa maji. Nikaenda nikamwambia mama yangu, nikamwambia na Dhamra."

Sheikh Wahbi hakukumbuka neno hata moja katika hayo. Yeye ndiye aliyesahau, na maisha yake yote hakuwahi kuyaonja maji yale hata tone.

"Na baada ya kuyaacha, hifdhi yako ilirudi?" akauliza taratibu.

"Haikurudi. Nikajua madhara yameshaingia. Ndipo nilipoacha masomo, nikaja kwenye rangi."

Sheikh akakaa kitako pale pale chini, kwenye madoa ya nili, na kanzu yake nyeupe. Neno lililomtoka siku moja kwa mzaha, ili darasa lichangamke, lilikuwa limemfukuza mtu katika elimu na kuufunga mji mzima mbali na maji yake. Akamwomba Hubaishi msamaha. Hubaishi akasema amemsamehe, ingawa hakuwa ameelewa bado ni kwa lipi.

Njiani kurudi, Dhamra akamshika Sheikh kiwiko. "Ndugu yangu, nisikilize. Jambo hili lina njia nyepesi. Kesho ni Ijumaa. Nenda kisimani, soma dua, pulizia ndani, kisha waambie watu kwamba Mwenyezi Mungu ameondoa madhara. Watu watapata maji, na wewe heshima yako itabaki. Uongo uko wapi? Madhara si hayapo?"

"Hayapo kwa sababu hayakuwahi kuwapo."

"Lakini ukisema ni wewe uliyelianzisha, nani tena atapokea riwaya kwako? Watasema, aliyekosea katika kisima atakuwa amekosea na katika mengine. Umejenga jina miaka thelathini, Wahbi."

Maneno yale yalimwingia Sheikh, kwa kuwa yalikuwa na ukweli ndani yake. Alijiona akipulizia kisimani, watu wakilia kwa furaha. Hata alipokuwa akila chakula chake aliiona picha hiyo, nayo ilikuwa nzuri. Ikambidi amweleze mkewe.

Bi Lubaba akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi umenizuia kununua chumvi mpaka nilete mashahidi wawili. Wewe kesho shahidi wako atakuwa nani?"

Ijumaa Sheikh Wahbi akapanda mimbari. Watu walikuwa wamejaa, midomo imewakauka. Akamhimidi Mola wake, akamsalia Mtume, kisha akasema: "Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, habari ya kisima cha Lango la Mashariki nimeifuatilia mpaka mwanzo wake. Ilianza kwangu. Nilitania, nanyi mkaamini, kisha nikaisahau, nikaja kuipokea kwenu nami nikaamini. Hakuna riwaya dhaifu kama hii katika kila nilichowahi kuandika. Maji yale hayana kitu. Namwomba Mola wangu msamaha, nawaomba na nyinyi pia."

Sheikh akasubiri lawama. Alikuwa amejiandaa kwa lawama usiku kucha. Mtu mmoja katika safu ya mbele akaanza kutokwa machozi.

"Mtazame," akamnong'oneza jirani yake. "Amekiombea kikatakasika, naye anaficha karama yake. Anajitwika kosa ili asisifiwe."

Neno likapita safu ya kwanza likafika ya mwisho kabla Sheikh hajashuka. Swala ilipokwisha watu walimiminika kisimani na ndoo na viriba, wakanywa, wakajimwagia, hakuna hata mmoja aliyeuliza lolote. Kabla ya adhana ya alasiri maji yale yalikuwa tayari yanaongeza hifdhi. Kabla ya magharibi yalikuwa yanatibu macho. Mzee Dhamra, aliyeyajua yote tangu mwanzo, alionekana akijaza chupa mbili, na alipoulizwa na Sheikh akasema ni kwa tahadhari tu.

Sheikh Wahbi alizunguka kati ya watu akiwashika nguo. "Umelipata kwa nani hilo la hifdhi? Nani kakwambia la macho?"

"Inajulikana, Sheikh," wakamjibu, wakambusu mkono.

Mtu mmoja tu hakuwa amekunywa. Bi Rumaisa alisimama kando na ndoo yake na kondoo wake. Sheikh akamwendea, na sauti yake ilikuwa na uchovu.

"Mama, wewe ndiye uliyeuliza. Sasa nimesema kweli, na wewe peke yako huniamini?"

"Nakuamini, Sheikh," akasema Bi Rumaisa. "Lakini nilikuamini jana pia, na jana ulikuwa umekosea."

Akatia ndoo, akateka, akayanusa maji, akayaonja kwa ncha ya ulimi. Akampa kondoo wake kwanza, akaenda zake. Kesho yake akarudi. Kondoo alikuwa mzima. Hapo akanywa kikombe kizima, akakaa juu ya jiwe mbele ya Sheikh, akaanza kusoma juzuu ya Amma katika Qurani, yote aliyoihifadhi utotoni, kutoka mwanzo. Akasoma mpaka mwisho, ila mahali pamoja alikwama kwenye aya moja, akairuka.

Watu waliokuwa pale wakaguna. Dhamra akaziba pua.

"Hiyo?" akasema Bi Rumaisa. "Hiyo hunipotea tangu nikiwa na miaka tisa. Muulizeni dada yangu."

Inasimuliwa kwamba Sheikh Wahbi alicheka mpaka akafuta machozi kwa kilemba. Kisha akamtuma Dhamra kwa huyo dada, kijiji cha pili, kwenda kuhakikisha, na Dhamra akaenda kwa miguu yake akarudi jioni akasema ni kweli. Hubaishi naye aliitwa arudi darasani, na mafungu ya mirathi aliyaweza akiwa na umri wa miaka hamsini, mikono yake ikiacha alama za buluu kwenye kila ukurasa. Na katika daftari la Sheikh, baada ya riwaya zote alizozisafiria jangwani, yakakutwa maneno haya: "Amenisimulia Rumaisa, msokota sufi, mwanamke mkweli, naye amejionea mwenyewe: maji ya kisima cha Lango la Mashariki ni maji."

Ndugu zangu, wale watu wa Zahruni hawakuwa wajinga, wala hawakuwa waovu. Walikuwa na kiu, na juu ya kiu walikuwa na adabu, na adabu yao ikawazuia kuuliza. Walikosea walipokiogopa kisima, na walipokipenda walikuwa hawajapatia bado, kwa kuwa mara zote mbili walikunywa neno la mtu mwingine. Mola wetu ametupa kila mmoja masikio yake na macho yake. Hakuna atakayesimama mbele Yake akajibu, "Inajulikana."